Kompyuta Iliyopigwa Upepo

Kompyuta yangu ya mezani ilianza kwa kuzima mara moja kwa wiki. Skrini inageuka buluu, maandishi meupe yanajaa, kisha inajiwasha yenyewe kama mtu aliyesinzia kanisani akashtuka. Nikaizoea. Mtu huzoea hata jino bovu.

Ndani yake mlikuwa na sauti ya mama niliyoirekodi alasiri nzima, akinieleza mambo ambayo hakuna mwingine aliyebaki kuyajua: jinsi watu wa kwao walivyotoka magharibi kufuata kazi ya reli, na mahali alipozikwa kaka yangu, aliyekufa akiwa mchanga kabla sijazaliwa, katika shamba la watu huko Naivasha. Siku hiyo nilisikiliza nusunusu. Nilishughulika na maikrofoni, maana niliamini mashine inasikiliza kwa niaba yangu. Mwaka uliofuata mama akaanza kusahau, kwanza sufuria jikoni, baadaye majina yetu.

Nilikuwa nimenunua flashi ya kunakili sauti hiyo. Ilikaa kwenye droo mpaka kompyuta ikawa inazima kabla hata mafaili hayajafunguka. Hapo ndipo nilipopata bidii. Nilichomoa kile kibao cha memori nikasugua meno yake kwa raba ya mwanafunzi, nikairudisha, buluu. Nikabadilisha waya, buluu. Nilipofungua ubavu wa kompyuta nikakuta feni imefunikwa na vumbi zito, nikafurahi kweli, kwa sababu vumbi nalijua.

Mimi ni karani katika yadi ya malori, Salgaa. Kwetu, kila chenye vumbi hupigwa upepo wa kompresa: radieta, mikeka ya kebini, hata viatu vya dereva anayekwenda kuwaona wakwe. Nikaipeleka kompyuta kwa fundi wa magurudumu.

"Boss, hii ni kazi ya dakika moja," alisema.

Vumbi likatoka hadi tukapiga chafya. Kisha mpira wa kompresa ukatema maji ndani ya kompyuta. Kila mtu yadini anajua kwamba tangi la kompresa hukusanya maji, na ni lazima yamwagwe asubuhi kabla ya kazi. Asubuhi hiyo hayakuwa yamemwagwa, nami sikuuliza.

"Iache kwa jua mpaka kesho," fundi akaniambia.

Sikuweza kungoja. Miezi yote ile niliweza, siku hiyo nikashindwa. Niliipangusa kwa shati, nikaichomeka umeme palepale kibandani kwake. Ikatoa harufu ya waya unaoungua, na hata ile buluu haikurudi tena.

Fundi wa kompyuta mjini Nakuru aliishika diski, ile inayotunza mafaili, kwa vidole viwili. Ilikuwa na doa jeusi upande mmoja.

"Nimejaribu, mzee. Haiamki."

"Hakuna njia ingine?"

"Hakuna. Lakini mbona hukuitoa kwanza? Ungeiweka kwa mashine ingine, hiyo sauti ingetoka tu. Hii disk haikuwa na shida. Mashine ndiyo ilikuwa inapata joto."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na haraka haraka haina baraka. Methali zote mbili nilifundishwa na mama, na zote zilinipata kwa mashine moja. Nilijichukia, na bado najichukia.

Jumapili nilikwenda kwa mama na daftari. Alikuwa anachambua maharagwe. Nilimuuliza polepole, mara mbili, yule mtoto wake wa kwanza alizikwa upande gani wa shamba. Mikono yake ikasimama. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu mvua za mwaka jana nikaona amenitambua.

"Si niliiambia ile kompyuta yako?"

"Ndiyo, mama. Uliiambia."

"Basi iulize," akasema, akarudi kwenye maharagwe. "Mimi niliiachia, nikapumzika."