Siku Solbjørg Alipozima Taa ya Uani

Kwa miaka sitini na tisa Solbjørg aliishi chini ya mianga ya kaskazini na hakuwahi kuipiga picha hata mara moja. Usimshangae. Wewe uliyezaliwa penye mvua, unayo picha ya mvua ukutani? Mianga ile ya kijani huja siku za baridi kali, ikacheza juu ya ghuba, ikaenda zake, na mwenye kuni za kupasua akaendelea kupasua kuni. Wanaovuka nchi tatu kuja kuikodolea macho ni wageni. Na hao wageni ndio waliompa kazi Trygve, mtoto wa kaka yake Solbjørg, ambaye kila majira ya baridi aliwapakia kwenye basi dogo kutoka mjini, akawazungusha kutafuta mbingu isiyo na mawingu, akawafundisha namna ya kutega kamera gizani.

Jioni tatu kwa wiki Trygve alisimama nao kwa shangazi yake, kwa sababu uwanja wa nyumba ile unatazama ghuba yote, ambayo majira hayo huganda barafu, hadi ng'ambo. Wakishapiga picha waliingia kwenye kibanda cha mbao, wakaota moto, wakanywa supu ya samaki. Solbjørg alikuwa mpishi wa shule ya bweni miaka thelathini na mmoja, na sufuria kubwa haikumtisha. Ila asikudanganye mtu kwamba alipika kwa ajili ya malipo. Alitaka watu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema waliosema, na Solbjørg alikuwa akipona jioni tatu kwa wiki.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa mumewe. Hjalmar aliendesha gari la kusafisha theluji barabarani kwa miaka thelathini na minne, na hakuna kona ya barabara ile asiyoijua. Kisha akili ikaanza kumtoka kidogo kidogo. Yalitangulia majina ya majirani, likafuata la binti yao Gunnvor, mwisho likaenda la mkewe.

"Wee mpishi," alimwuliza siku moja mezani, "mumeo yuko wapi?"

"Yuko kazini. Anasafisha barabara."

"Basi umepata mtu mzuri. Kazi ile si ya wavivu."

Solbjørg alicheka, akamwongezea viazi, kisha akaenda kulia bafuni huku bomba likimwaga maji.

Kitu kimoja hakikumtoka Hjalmar, nacho ni kazi. Kila jioni alivaa buti, akachukua kiti chake cha kutelezea, kile chenye vyuma viwili virefu chini ambacho wazee wa kule husukuma kwa mguu mmoja, akaenda kukagua barabara. Alifika kwenye sanduku la barua, akageuka, akarudi. Na alirudi kwa taa. Aliitazama taa ya uani kwao, akaifuata hadi mlangoni.

Kwa watu wa kule taa ya uani haizimwi tangu jua linapozama Novemba hadi linapochungulia tena Januari. Aliyeko nje hajui atarudi saa ngapi, na wewe uliye ndani hujui nani yuko nje. Nyumba yenye taa iliyozimwa ina msiba, au ina mchoyo.

Muuguzi wa halmashauri alikuja Oktoba na karatasi zake. Alikuwa dada mpole, na upole wake ndio uliomuudhi Solbjørg.

"Mama, nafasi imepatikana kwenye nyumba ya wazee. Chumba kina dirisha zuri."

"Na mlango?"

"Mlango upo. Ila unafunguliwa kwa namba."

"Basi huo si mlango, dada yangu. Huo ni ukuta."

"Siku moja atatoka asirudi."

"Anarudi kila siku. Kaa mpaka jioni umwone mwenyewe."

Muuguzi alikaa, akamwona Hjalmar akienda na kurudi, akakunja karatasi zake. Pale mlangoni alisema ataziweka mpaka Krismasi. Solbjørg alikuwa amemwahidi mumewe, wakati ule bado anaelewa ahadi, kwamba hatalazwa kwenye kitanda kisicho chake. Ahadi hiyo yote ilining'inia kwenye taa moja, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Ile Alhamisi ya Desemba baridi ilishuka hadi nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri. Saa kumi na mbili na nusu jioni Trygve alifika na wageni saba. Siku tatu mfululizo mawingu yalikuwa yamewafunika, sasa mbingu ilikuwa wazi, na mianga ilikuwa imeshaanza kunyanyuka juu ya ghuba. Solbjørg alitoka na mwiko mkononi kuwasalimu.

"Shangazi," alisema Trygve, "ile taa."

"Imefanya nini?"

"Inatuharibia. Theluji yote inatoka ya njano, na vivuli vyetu vimejaa kwenye picha. Izime dakika kumi tu."

"Umeniomba mara ngapi?"

"Mara nne."

"Nami nikasemaje?"

"Hapana, mara nne. Lakini leo tazama juu, Shangazi. Na mzee wako yuko wapi?"

"Amelala kwenye kochi la jikoni. Anakoroma."

"Sasa anayekoroma anaenda wapi?"

Angekataa mara ya tano, lau si mmoja wa wageni, mzee Adelino. Alikuwa mstaafu wa posta kutoka Ureno, mjane, na Trygve alikwisha kumsimulia Solbjørg habari zake: miaka minane akiweka akiba ya safari hii, siku tatu anaona mawingu, na kesho asubuhi ana ndege ya kurudi. Hakuomba chochote. Alisimama na kamera yake kuukuu, amevua kofia katika baridi ile kana kwamba yuko kanisani, anatazama juu. Solbjørg alimhurumia. Wengi baadaye walisema alizima taa kwa ujinga. Mimi nasema aliizima kwa huruma, na sijui lipi ni baya zaidi.

Alichungulia jikoni kwanza. Hjalmar alikuwa chali, mdomo wazi. Solbjørg akavuta pazia zito ili mwanga wa ndani usitoke, akarudi uani, akabonyeza swichi.

Giza lilipokaa, mianga ilishuka kana kwamba mtu ameisogeza karibu. Kilichosikika ni kamera tu.

"Shangazi, njoo usimame hapa mbele. Wanataka mwenyeji kwenye picha."

"Waniache na aproni yangu."

"Na aproni hiyo hiyo. Ipe ghuba mgongo, utazame huku. Usitikisike mpaka nihesabu nane."

"Nane? Kwa umri huu nikisimama bila kutikisika mpaka nane nitasinzia."

Trygve aliwatafsiria, wakacheka wote, na Solbjørg akacheka kwa kuwa wamecheka. Walimpiga picha mara moja, wakataka tena, wakataka na mwiko. Kati ya picha na picha aliinua uso, akaitazama mianga ikikunjuka kutoka mlima hadi mlima, kijani na ncha za zambarau, akaona kuwa ni mizuri. Uzee wote huo, ndipo anaiona. Miguu ilikuwa inamganda lakini moyo ulikuwa mwepesi, na hakutaka kuingia ndani. Mwongozaji mzuri husimama akitazama watu, si mbingu, na Trygve alikuwa mwongozaji mzuri, lakini jioni ile hata yeye alikuwa ameinua kichwa.

Dakika kumi zikawa ishirini na tano. Kisha taa ikawashwa, wakaingia kibandani, supu ikapakuliwa, Adelino akaomba bakuli la pili.

Saa mbili kasoro robo Solbjørg alikwenda jikoni kumwamsha mumewe ale. Kochi lilikuwa tupu. Buti zilikuwa pale pale kwenye mkeka. Viatu vya ndani havikuwepo, wala kiti cha kutelezea, na mlango wa nyuma ulikuwa umerudishwa tu.

Hakupiga kelele. Alimwita Trygve kwa sauti ya kawaida, na Trygve alipoona uso wake akaangusha kijiko.

Majirani walikuja na pikipiki za theluji. Wote walijua njia ya Hjalmar, kwa hiyo wote walikwenda barabarani. Kwenye sanduku la barua waliona alama za vyuma viwili, lakini mbele ya hapo palikuwa pametifuliwa na magari, hazikusomeka tena. Wakapanda na barabara kilomita nne, wakamulika mitaro, wakaita jina ambalo mwenyewe huenda hakulijua tena. Solbjørg alibaki uani amejifunga shali.

"Atarudi," alimwambia kila aliyepita. "Taa anaiona."

Trygve alizunguka nyumba na tochi, akarudi, akazunguka tena.

Wageni walibaki kibandani, supu ikipoa mbele yao. Adelino, kwa kukosa la kufanya, alifungua picha zake akawa anazipitisha moja moja. Ilikaribia saa nne alipotoka mbio, kofia mkononi, akamwendea Solbjørg. Hakujua hata neno moja la lugha ya kule. Alimwekea kamera mbele ya macho, akakuza picha, akaonyesha kwa kidole.

Solbjørg alijiona mwenyewe, ana mwiko, anacheka. Nyuma ya bega lake, chini ya mianga yote ile, kwenye barafu ya ghuba, kulikuwa na kidoa cheusi kama uchafu wa kioo. Adelino akaleta picha iliyofuata, na kidoa kilikuwa kimesogea. Ya tatu, kimesogea zaidi. Mbele ya kidoa hicho, mbali kule ng'ambo, iliwaka taa ya uani ya nyumba ya watu wengine.

Alielewa kabla ya Trygve. Hjalmar aliamka, akaenda kukagua barabara, akageuka kwenye sanduku la barua kama kawaida yake, akatafuta taa ya kwao. Kutoka pale taa iliyoonekana ilikuwa moja tu katika giza lote lile. Akaifuata. Alikuwa anarudi nyumbani.

Walimkuta katikati ya barafu, hatua mia tatu kutoka ukingo wa ng'ambo, ameketi kwenye kiti chake, na viatu vya ndani miguuni. Alikuwa amechoka akaketi apumzike, na baridi haihitaji zaidi ya hapo. Taa ya kwake ilikuwa imeshawaka muda mrefu, lakini alikuwa ameipa mgongo.

Muuguzi alikuja kutoa pole. Alishika mikono ya Solbjørg akasema hakufanya kosa lolote, ni ajali.

"Nilifanya," alisema Solbjørg. "Lilikuwa kosa langu, usiniondolee. Kahawa unatia maziwa?"

Trygve aliuza basi lake kabla ya Januari kwisha. Siku hizi anafungasha samaki kiwandani, na akikutana na shangazi yake dukani anakwepea upande wa mikate hata kama amefuata sabuni. Solbjørg alimfuata siku moja hadi kwenye mikate.

"Mimi ndiye niliyebonyeza swichi," alimwambia. "Mkono ulikuwa wangu."

"Mdomo ulikuwa wangu, Shangazi."

Wakasimama pale, kila mmoja na kikapu chake, wasijue nani aanze kuondoka.

Mwezi Machi Adelino alituma bahasha kubwa ngumu. Ndani mlikuwa na picha ile ya kwanza, na barua aliyoandikiwa na mtu anayejua lugha. Alisema amekaa na picha hiyo majuma mengi asijue kama ni haki kuituma au ni ukatili. Solbjørg akisema neno moja, ataifuta asibakize hata nakala.

Gunnvor, aliyekuja kwa mazishi, alikuwa bado yuko kwa mama yake. Aliitazama picha, akaigeuza haraka juu ya meza.

"Tuichome, mama."

"Hapana."

"Basi tuikate. Tubakize upande wa baba tu, kule kwenye barafu. Wewe usiwepo."

"Ukinikata mimi," alisema Solbjørg, "nani atajua kwamba tulikuwa karibu hivyo? Ningegeuka, ningemwita, angesikia. Tazama. Ningeita tu."

Gunnvor alilia. Mama yake hakulia. Alikwenda kutafuta nyundo na msumari.

Picha iko kwenye korido, hapo watu wanapovulia viatu, na ukiinama kufungua kamba zako utakuwa nayo uso kwa uso. Wanaoingia husifia mianga kwanza. Kisha humtazama yeye, maana uso ule umepungua miaka thelathini. Ni wachache wanaomwona Hjalmar, na Solbjørg hamwonyeshi mtu.

Majuzi alikuja mke mpya wa mchungaji, mgeni wa ghuba ile, asiyejua habari za nyumba.

"Picha nzuri sana hii," alisema, buti moja mkononi. "Ulikuwa unacheka nini hivyo, mama?"

"Hakuna kitu," alisema Solbjørg. "Nilikuwa na furaha tu. Nilikuwa nimemsahau mume wangu."