Bendera Iliyochelewa Manga

Tumeifanya bendera kuwa pambo la wakubwa, tukawasahau walioipandisha. Kosa hilo nalitaja mapema, msomaji asidhani kwamba nilikwenda Manga kutalii. Nilikwenda kumzika mzee Nyabuto, baba wa mwenzangu niliyefundisha naye Nakuru kwa miaka mingi. Katika ujana wake mzee huyo aliukata mti wa mlingoti, akaubeba begani hadi juu mlimani, ili usiku wa uhuru bendera ya wakoloni ishuke na yetu ipande mbele ya watu wa kwao. Hakudai cheo wala shamba. Aliomba mambo mawili tu: azikwe kabla ya Sabato kuingia, na jeneza lake lifunikwe kwa bendera.

Alhamisi jioni nilifika Kisii mjini. Katika mkahawa nilipokula, wafanyabiashara wawili walibishana juu ya waheshimiwa watakaohudhuria mazishi hayo na nani angeketi karibu na nani. Jina la marehemu halikutajwa hata na mmoja wao.

Ijumaa asubuhi nilipanda boda boda. Tulipita kati ya chai na migomba, ukingo wa Manga ukiwa mbele yetu.

"Mwalimu, unaenda matanga ya mheshimiwa?" mwendeshaji aliuliza.

Nikamuuliza kama mheshimiwa amefariki.

"Hapana," akacheka. "Yeye ndiye analeta bendera."

Adhuhuri, nyumbani kwa marehemu, kaburi lilikuwa tayari na watu wameketi. Mjane, Mama Moraa, alinieleza kwamba mheshimiwa ndiye aliyeahidi bendera, na wakubwa wa kata wakaamuru asubiriwe. Familia hiyo ni ya Waadventista. Jua la Ijumaa likizama, hakuna kuzika. Mwili ungerudishwa mochari hadi Jumapili.

"Maisha yake yote ameitunza Sabato," alisema. "Leo nimvunjie mimi?"

Alasiri ilipokaribia kwisha, msafara wa magari uliingia ukitimua vumbi. Gari la mbele lilipeperusha bendera kwenye boneti, ingawa sheria huwapa heshima hiyo watu wachache, na bwana huyu hayumo miongoni mwao. Akashika kipaza sauti. Alisimulia jinsi "sisi" tulivyoupigania uhuru, yeye ambaye wakati huo mama yake alikuwa bado hajaolewa. Alitusomesha maana ya rangi nyeusi, akahamia kwenye barabara, akaingia kwenye uchaguzi. Mchungaji alitazama jua. Mama Moraa alimtuma mwanawe kuiulizia bendera, akajibiwa kwamba inakuja na gari lingine kutoka Nyamira.

Dereva wa mheshimiwa alikuwa amesimama kando yangu. Nikamuuliza gari hilo limefika wapi.

"Mwalimu, hakuna gari lingine," alinong'ona. "Alisahau. Anaongea ili na nyinyi msahau."

Alimtazama mjane kwa muda. Kisha akaenda kwenye gari, akaifungua bendera ya boneti, akapita nayo katikati ya watu na kumkabidhi mjane kwa mikono miwili.

"Mama, ni ndogo."

"Itamtosha kifuani," alijibu Mama Moraa.

Akaitandaza juu ya jeneza. Kwaya ikaanza kuimba bila kumngoja aliyekuwa akihutubia, na mchungaji akasimama. Kabla ya jeneza kushushwa, mjane aliikunja bendera akaitia kwapani. Udongo wa mwisho ulirudishwa jua likiwa bado linaonekana juu ya migomba.

Mheshimiwa aliondoka akiendesha mwenyewe, na kijiti kitupu kwenye boneti, kwa kuwa alimfuta kazi dereva wake palepale kaburini.

Jumapili nilirudi Nakuru. Nimefundisha historia ya uhuru tangu ujana wangu, nikiwahesabia wanafunzi wangu watu walioipandisha bendera usiku wa uhuru. Sasa nitawaambia kwamba kazi ile haikwisha usiku ule, na kwamba bado inamgharimu mtu riziki yake. Waheshimiwa wote waliofika Manga walitangazwa kwenye kipaza sauti, wengine mara mbili. Aliyemzika mzee Nyabuto kwa wakati wake hakutangazwa. Anaitwa Zablon Ombese.