Jiliwa na Konokono wa Mwamba Safi

Ofisini tulimwita Jiliwa, na wala si kwa kificho. Jiliwa ni kile chuma cha kwenye meza ya fundi kinachobana kitu mpaka kitulie. Dada huyu alikuwa nacho mezani kwake miaka ishirini na moja, akibania konokono wa baharini. Anamweka katikati, anazungusha mkono wa chuma taratibu, gamba linapasuka, halafu anaokota vipande kwa kibano mpaka mnyama anatoka mzima. Binadamu naye alimbana vivyo hivyo, ila kwa maswali. Mimi nilikaa naye meza moja miaka kumi na moja, najua ninachosema.

Chupa ya sukari ya ofisi aliichorea mstari wa kalamu kila akimaliza kunywa chai, na asubuhi kabla ya salamu anautazama ule mstari, kisha ananitazama mimi. Alikuwa na methali yake, kikulacho ki nguoni mwako. Aliisema sana, na kila akiisema macho yake yalitua kwenye shati langu.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Kila mwezi, siku maji ya bahari yanapokupwa sana, tunaokota konokono thelathini karibu na karakana ya boti, na wengine thelathini nyuma ya mlima, kwenye kighuba kidogo tulichokiita mwamba safi kwa sababu hakuna meli inayofika. Tunawapasua na kuwatazama kwa hadubini. Tunachotafuta ni aibu kidogo kukisema mbele ya wakwe, lakini ndiyo kazi. Konokono jike akipata sumu ya rangi fulani iliyopakwa chini ya boti kuzuia magamba ya wadudu wa baharini yasiote, huanza kuota uume, hapa nyuma ya pembe ya kulia. Mwanzoni ni kama chunusi. Ukikua, unaziba njia ya mayai, na jike anakufa na mayai yake tumboni. Sisi tunaupima kwa milimita na kuandika.

Rangi ile ilipigwa marufuku zamani. Karakana iliiacha, na polepole majike wa pale walianza tena kubandika vifuko vya mayai kwenye mawe. Jiliwa alifurahi kwa namna yake, yaani alisema, "Tuone mwezi ujao." Alikuwa na sababu ya kufurahi zaidi ya sisi, maana mumewe alikuwa fundi wa kupaka rangi palepale karakanani.

Kisha mwamba safi ukaharibika. Mwezi mmoja majike wawili, mwezi mwingine watano, halafu tisa kati ya kumi na saba. Mkuu wa idara akaja mezani petu, akasema kwa kifupi, "Nataka chanzo. Nikikipata, nafunga mtu." Na mtu wa kufungiwa alijulikana. Karakana ndiyo peke yake iliyoshika rangi katika eneo lote lile, na watu walishaanza kunong'ona kwamba mafundi wake wanakwenda kumwaga mabaki ya rangi ya zamani nyuma ya mlima. Ikifungwa, mafundi thelathini wanarudi nyumbani, na shemeji yangu, huyo mume wa Jiliwa, mmoja wao.

"Kama ni wao, ni wao," Jiliwa alisema. Barua alishaiandika nusu, jina la karakana juu. Lakini mkate wake wa saa nne ulikuwa unabaki bila kuliwa. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia, maana kabla ya kuwafikia karakana ilibidi anipitie mimi.

"Mdogo wangu," aliniambia, "ndoo ya karakana na ndoo ya mwamba, hukuzichanganya?"

"Dada, miaka kumi na moja!"

"Ndiyo nauliza. Mtu akizoea, hulala macho wazi."

Siku zote tuliwatia konokono thelathini kwenye ndoo moja, tukawapasua kama walivyokuja. Ndivyo kitabu cha kazi kilivyosema. Safari hii akaja na vifuko thelathini vya plastiki. Akauchora mwamba wote kwenye karatasi, kila jiwe na namba yake, na kila konokono akaingia kwenye kifuko chenye namba ya jiwe alilotoka. Kifuko akakifunga yeye, kwa fundo lake ambalo hakumfundisha mtu. Mimi kazi yangu ilikuwa kupiga makasia ya boti ya ofisi na kunyamaza. Boti ile hukaa palepale kighubani mwaka mzima, imefungwa kwenye pete ya chuma kati ya mawe, ituvushe hadi mawe ya upande wa pili, maana kwa miguu ni kuzunguka mlima mzima. Nilipiga kasia nikiwa nimenuna kama bibi harusi aliyecheleweshewa gari.

Nyumbani kwake nako hakukuwa na amani. Shemeji aliniambia mwenyewe kwamba mkewe alinusa ovaroli yake, akamuuliza nani ana ufunguo wa stoo na gari la takataka linapita wapi. Akamwapia kwamba hakuna anayemwaga kitu nyuma ya mlima. Alimwapia mara tatu, na mara zote tatu mkewe alimjibu, "Sawa," ile sawa yake isiyo na usawa wowote.

Siku ya kupasua ilifika. Mafundo yake alikuta hayajaguswa, akaguna. Akaanza kupima na kunisomea, mimi naandika kwenye ule mchoro.

"Jiwe la ishirini na sita, hakuna. La kumi na tisa, nusu milimita. La nne, tatu na nusu. La tano, nne."

Tulipomaliza niliutazama mchoro, nikausogeza mbele yake. Namba kubwa zote zilijikusanya sehemu moja, zikipungua kadiri unavyokwenda mbali. Katikati yake palikuwa na kiduara alichokichora mwenyewe: pete ya chuma ya kufungia boti.

"Umekosea," alisema. "Tusome tena."

Tukasoma tena. Mara ya tatu akachukua kalamu mwenyewe, na namba zikaenda palepale.

Tulirudi kighubani maji yalipokupwa, tukailaza boti ubavu. Chini ilikuwa nyekundu, laini kama sahani. Miaka mitatu ndani ya maji, na haikuwa na hata gamba moja! Boti yoyote huota magamba kabla mwaka haujaisha. Sisi tuliisifia tu kwamba ni nyepesi. Alikwangua kipande kwa kisu, akakifunga kwenye karatasi. Kutoka hapo tukaenda moja kwa moja nyumbani kwake.

Shemeji tulimkuta sebuleni akigongelea mguu wa kiti. Jiliwa akakiweka kile kipande juu ya kiti.

"Hii rangi uliitoa wapi?"

Shemeji alicheka. "Umesahau? Si wewe ulirudi hapa mgongo umekwisha, unasema boti imejaa magamba, haisogei? Ukaniambia nikutafutie rangi ya kweli, isiyoshindwa. Nilikuwa na kopo moja la zamani, nililiokota walipokuwa wanasafisha stoo. Nikasema mke wangu hatavuta boti nzito tena." Akatutazama, kicheko kikamtoka usoni. "Kwani vipi?"

Mimi nilikuwa mlangoni, viatu mkononi. Ile methali ya nguoni ilinijia hadi kwenye ulimi, nikaimeza. Yeye naye hakuisema.

"Nilikuuliza ya karakana yote," alimwambia mumewe polepole. "Stoo, ufunguo, gari. Ya boti yangu sikukuuliza. Sikuuliza kwa sababu ulinifanyia wema."

Barua aliichana. Akaandika nyingine: chanzo ni boti ya ofisi, aliyeipaka, mume wangu, aliyemwagiza, mimi. Mkuu alimpa onyo la maandishi, na miaka mitatu ya vipimo vya mwamba safi ikafutwa kwa mstari. Karakana haikujua kamwe ilivyoponea chupuchupu. Boti ikapandishwa nchi kavu, na shemeji akaikwangua Jumamosi nne juu ya turubai, kila chembe ikaingia kwenye pipa la kufungwa.

Siku ya mwisho alimuuliza mkewe kama wale majike watapona sasa. Mtu mwingine angemdanganya kidogo.

"Hao hapana," alisema. "Labda watakaozaliwa na wengine." Kisha akamfuta vumbi la rangi kwenye nyusi.

Mwezi uliofuata tuliufikia upande wa pili wa mwamba kwa miguu, tukizunguka mlima, yeye akishika kiuno. Tulipookota wa thelathini alinikabidhi vifuko vyote vikiwa wazi. Nilidhani ameniamini, nikaanza kutabasamu.

"Usifurahi," alisema. "Kuanzia leo mafundo unafunga wewe, na namna ya kuyafunga usimwonyeshe mtu, hata mimi."