Kuku wa Barua

Mtaani Gatongora wananiita Kapteni. Sijawahi kuwa kapteni wa kitu chochote, hata wa timu ya mpira shuleni. Jeshi la majini nilitumikia miaka tisa, hilo ni kweli, lakini mingi niliimalizia nchi kavu huko Mombasa, kwenye chumba cha mawasiliano. Mara chache nilizopandishwa meli nilitapika mpaka mkubwa wangu akauliza kama nimetumwa na adui. Nilipotoka nikarudi huku kwetu, nikaajiriwa kwenye posta ndogo upande wa Kalimoni. Tangu nistaafu sivuki geti bila sababu. Mke wangu husema nimetia nanga sebuleni.

Kule kwenye mawasiliano tulifundishwa sheria moja kabla ya kufundishwa hata choo kiko wapi: ujumbe unaupokea, unaurudia neno kwa neno, unaupitisha. Huusahihishi. Hata ukija na kosa, unapita na kosa lake. Niliitii sheria hiyo miaka tisa. Posta nilidumu nayo labda miezi saba.

Shida ni kwamba posta nilijiona profesa. Kila sanduku nililijua, na mwenyewe nilimjua, na ng'ombe wake akizaa nilijua. Barua ikija na namba isiyo sawa, nachukua kalamu, nakata, naandika ile ninayojua. Watu walinisifu sana. "Kapteni hata ukiandika jina tu, barua itakufika." Nami nikavimba kama andazi.

Basi siku moja ikaja barua ya mwanamke: herufi moja ya ubatizo, halafu majina mawili ya kwetu, sanduku la kanisa. Nikacheka. Jina hilo si nalijua? Ni la cucu mmoja, bibi kizee mkulima hapo Kalimoni, mwenye sanduku lake mwenyewe. Nikakata namba ya kanisa, nikaandika ya cucu, nikaenda kunywa chai. Nilisahau kwamba kwetu majina ya wanawake ni machache na tunarithishana kama sufuria. Ukiita jina moja sokoni wanageuka kumi.

Cucu alifungua sanduku lake alipokumbuka. Alikumbuka baada ya wiki sita. Akaja dirishani na bahasha iliyoraruliwa.

"Kapteni, naitwa chuo. Nikasomee unesi. Wanasema nije na ndoo."

"Ndoo, cucu?"

"Ndoo na sare mbili. Na mimi hata uzi kwa sindano siuoni, nitamdunga nani?" Akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akaacha. "Hii ni ya mtoto wa mtu. Na mjukuu wangu amenisomea, siku ya kuripoti imepita."

Nikauliza kanisani, kimya kimya, na mwenyewe akapatikana: msichana aliyemaliza kidato cha nne, ambaye jamaa zake walitumia sanduku la kanisa kwa kuwa hawakuwa na lao. Nikaitoa barua kwenye ile bahasha yenye kalamu yangu, nikaitia kwenye bahasha mpya, nikaifunga vizuri. Ile ya zamani ikaingia jikoni, ikachemsha maji ya kuoga. Kisha nikapanda baiskeli mpaka kwao.

"Imefika leo," nikasema. Maneno mawili tu, lakini nimeishi nayo zaidi ya miaka ishirini.

Msichana alisoma, akaona tarehe, akakaa chini hapo mlangoni. Mama yake ndiye aliyepiga kelele. "Wui! Posta gani hii ya kuharibia watu watoto!" Halafu akanigeukia kwa upole. "Si wewe, Kapteni. Wewe umejisumbua ukatuletea mpaka mlangoni." Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kuku amefungwa miguu. Nikakataa mara moja, kama adabu inavyotaka. Mara ya pili nikapokea. Kuku alikuwa mwekundu, shingo nyeupe, na nilimning'iniza kwenye baiskeli hadi nyumbani. Tulimla siku mbili.

Msichana alienda chuoni kesho yake, akaambiwa nafasi yake imepewa mwingine. Mwaka uliofuata baba yake akaugua, na habari ya chuo ikaishia hapo. Alichuma kahawa, akashona mashuka Thika, akaolewa. Na aliolewa wapi? Hapa Gatongora, ploti ya tatu kutoka kwangu.

Siku hizi ni mhudumu wa afya wa mtaa. Kila Jumanne anapitia wazee na mashine yake ya kupampu, anatupima presha. Wageni wakiwepo anawaambia, "Huyu Kapteni ndiye aliniletea barua yangu. Posta ilichelewesha, yeye akaikimbiza." Nami naitikia, "Posta ya siku hizo, acha tu."

Jumanne moja alikuja hana utani.

"Kapteni, nieleze. Dispensari wanaandika presha yako mia thelathini. Mimi nikipima, mia sabini. Kila mara."

"Labda ni mashine."

"Nimeibadilisha. Wazee wengine wako sawa, ni wewe tu. Mkubwa wangu ameona kitabu, anasema labda sijui kupima, wanipeleke kugawa neti za mbu." Akanifunga kile kitambaa mkononi. "Na labda ni kweli. Kwani nilisomea wapi?"

Akavaa mipira yake masikioni, akaanza kupampu. Mimi nikatazama kalenda ukutani nikasema yote: kalamu, cucu, wiki sita, bahasha mpya. Yeye ametulia, anasikiliza mkono wangu. Akamaliza, akavua mipira.

"Usiniongeleshe nikipima. Ulikuwa unasema nini?"

Nakiri kwamba jibu la kwanza lililonijia ni, "Nimesema chai iko tayari." Nilikuwa nimefungua mdomo kulisema. Lakini mtu akikuambia hakusikia, unarudia. Nikarudia.

Aliitundika mipira shingoni. Kisha akasema, "Rudia hapo pa kalamu."

Nikarudia hapo pa kalamu.

"Na mama akakupa kuku."

"Alinipa."

"Ukamla?"

"Tulimla."

"Huyo peke yake ndiye alikuwa anataga."

Akakunja kitambaa, akaandika namba kwenye kitabu bila kuniambia, akatoka. Mke wangu akaja kutoka jikoni. "Umemwambia nini mtoto wa watu?" Nikarudia mara ya tatu. Akakaa kwenye kiti chake. "Na mimi nilikula paja," akasema.

Jumanne iliyofuata nilikaa getini tangu asubuhi. Mtu wa kukaa sebuleni, getini! Nilijua hatakuja. Akaja.

"Mzee, toa mkono."

Kapteni alikuwa ameishia hapo. Akapampu, akasikiliza, uso hauonyeshi kitu. Akarudia tena kuhakikisha. Akaandika, akanigeuzia kitabu nione: mia thelathini na mbili.

"Kumbe nilikuwa najua kupima," akasema, si kwangu, akafunga mkoba wake. Chai aliiacha mezani.