Salamu Niliyoinyima Jibu

Kosa ni langu, simsingizii shetani. Siku ile shetani alikuwa amekaa pembeni, ajifunza kwangu!

Mkinitazama leo mwaona mzee wa biashara ya boriti, mwenye ghorofa yake mtaa wa Mkomani. Skuli niliishia mlangoni. Nilicho nacho nimekipata kwa mgongo huu, basi kiburi kilinijaa mapema.

Miaka ile ya hamsini alinifikia mgeni, Mhindi wa Mombasa, ana kamera ya sinema ya kutiwa ufunguo kama saa. Akanambia ng'ambo watu hufichiwa kamera wakafanyiwa mzaha, kisha nti nzima ikawacheka kwenye televisheni. Televisheni sikuijua. Lakini mzaha? Nilizaliwa nao!

Tukaificha kamera ndani ya kikapu kilichotobolewa, hapo barazani kwangu, na wapita njia tukawakaribisha kahawa ya chumvi. Picha zilipokwisha kusafishwa tukazionyesha kwenye ukuta mweupe wa jirani. Wallahi watu walicheka hadi wakalaliana! Aliyejiona akitema ndiye aliyecheka kuliko wote.

Nikavimba kichwa. Nikawaambia wenzangu wa barazani, "Safari hii atakayetusalimu hapana kumjibu. Tutazame sura yake."

"Bwana, salamu kuijibu ni wajibu," mmoja akanionya.

"Tutaijibu baadaye!" Lo, ulimi huu!

Akaja mzee, kanzu mpya, simjui. "Asalam aleikum." Kimya. Akarudia. Mwenzangu mmoja akajikuna goti. Akarudia tena, akitutazama mmoja mmoja.

"Basi," akasema. "Niliambiwa nyumba hii ina watu."

Akageuka, akenda zake. Sisi mbavu hatuna!

Hatujatulia, akatokea ami yangu, aliyenipelekea posa kijiji cha Tchundwa, mwendo wa mashua, kwa binti niliyekuwa silali kwa ajili yake. "Mkweo yuko wapi? Amekubali! Nimemtanguliza akwambie kwa mdomo wake."

Ya Rabi! Nilikimbia peku hadi gatini. Nikamkuta mzee, nikamweleza kikapu, kamera, mzaha. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Ubaya wa sura ningekusamehe," akasema. "Lakini salamu ya Mungu hukuijibu. Mwanangu akikwambia ana njaa, utamjibu?"

Akapanda mashua. Binti akaozwa mwengine.

Mwadhani yaliishia hapo? Picha ikarudi kutoka kusafishwa. Mimi siitaki, lakini mji mzima umeshajaa mbele ya ukuta wa jirani, na mgeni wangu ameshawasha mashine. Wakaona mzee afungua mdomo, sisi tumekaa. Afungua tena, tumekaa. Kamera ile haikuwa na sauti, na kwa werevu wangu wote sikulifikiri hilo!

"Mzaha uko wapi?" wakapiga kelele.

Ikabidi nisimame mbele yao, mwanga wa sinema wanipiga machoni. "Hapa atoa salamu. Hapa hatumjibu."

"Hamumjibu kwani?" akauliza bibi mmoja.

"Twamcheza shere."

"Na mwenyewe ni nani?"

Nikakinga mwanga kwa kiganja. "Alikuwa awe mkwe wangu."

Hapo ndipo walipocheka! Kahawa ya chumvi haikupata nusu ya kicheko kile.

Nanyi mupendao mizaha, sikizeni. Fichani kamera mpendapo, kahawa itieni chumvi hata pilipili. Lakini salamu ijibuni kwanza. Huenda aitoaye ana mke wako mdomoni.