Kijiko na Neno la Mzee Radjabu

Siku yangu ya kwanza kazini katika hospitali ya Kindu, enzi za Wabeleji, daktari mkuu alinipa kijiko kidogo. Mimi niliyefuzu uuguzi nilitazamia sindano. Mbele yetu alilala Mzee Radjabu, mwalimu wa Kurani. Mshipa wa ubongo ulikuwa umeziba. Upande wake wa kuume ulilegea, na maneno yakapotea. Binti yake, Mwamini, alikuwa amemnywesha maji akiwa amelala. Mzee alikohoa, midomo ikabadilika rangi.

“Mumukalishe!” daktari akapaza sauti. “Mugongo wima, kidevu kifuani!”

Pumzi iliporudi, alinieleza. Kooni mna njia ya chakula na njia ya hewa; koo likilegea, maji hukimbilia mapafuni. Kwa hiyo uji mzito, kijiko kidogo, ameze, ungoje, ndipo kingine. Kila kijiko nilikitoa kwa hofu.

Kusema kulikuwa kugumu zaidi. Akitaka chochote alisema “ta, ta,” kisha akalia kwa hasira. Lakini asubuhi moja nilimsikia akisoma Fatiha pamoja na binti yake, bila kukwama. Nikamkimbilia daktari.

“Njo vile,” akasema, akiitikia kwa kichwa. “Maneno ya mazoea yana njia yake ndani ya ubongo. Anzia pale. Na usisahau: amepoteza maneno, hakupoteza akili.”

Tukaanzia kwenye dua, kisha tukakata maneno vipande, nami nikimgonga mkono wa kushoto kwa kila kipande: ma-ji, u-ji.

Ndipo akatokea Amisi, mdogo wake, mfanyabiashara wa Punia, pamoja na shehe wa mtaa wa Mikelenge.

“Kaka yangu iko sawa mutoto sasa,” Amisi akasema. “Mimi njo walii, mwenye kumuoza binti yake. Mwamini ataolewa na rafiki yangu.”

“Baba anasikia!” Mwamini akalia.

“Basi aseme.”

Daktari alikuwa safarini Pangi. Nilijua mzee akiharakishwa hukwama. Nikapiga magoti mbele yake.

“Mzee, hatuna haraka. Unakubali ndoa hii?”

“Ta… ta…”

Amisi akainuka. “Mumesikia?”

“Kaa,” shehe akamwambia.

Nikaugonga mkono wa mzee polepole. Jasho lilimtoka. Midomo ikatetemeka, ikafunga, ikafunguka tena.

“Ha… pa… na.”

Shehe akamgeukia Amisi. “Baba amekataa. Imekwisha.” Mwamini akaanguka miguuni pa baba yake.

Mzee Radjabu hakurudi kufundisha, ila aliishi miaka mingi, akila akiwa ameketi, akizungumza kwa maneno machache. Mimi nilipelekwa Punia, kisha Pangi, chini ya madaktari wapole na wakali, mpaka nikastaafu.

Juzi jirani mmoja aliniita nyumbani kwake. Mke wake alikuwa amepatwa na ugonjwa uleule. “Babu, huyu hajui kitu tena,” akaniambia mbele yake. Nilimwona mama yule akifumba macho. Nikavuta kiti, nikampa mume mgongo, nikaketi mbele ya mama.

“Hujambo, Mama? Hatuna haraka,” nikasema, nikangoja.