Siku Alima Alipoulizwa Mwanawe Kazaliwa Wapi

Alima alikuwa mkulima wa mpunga hapo Quionga, kaskazini mwa Msumbiji, mke wa mvuvi Hassane. Wamezika watoto watatu wachanga, kabaki Zuleica peke yake.

Mwaka 2013, gesi ilipokwisha kugunduliwa baharini na Palma kujaa wageni, likatangazwa shindano la taifa la urembo na elimu. Mshindi atavikwa taji na kupewa bolsa, asomeshwe chuo kikuu Maputo mpaka amalize. Zuleica, mwenye miaka kumi na minane, alitaka kusomea hiyo hiyo gesi.

Hassane alikataa katakata. "Binti yangu apangwe mbele za watu kama samaki sokoni?"

"Baba Zuleica, atavaa gauni refu na mtandio wake," Alima alimsihi. "Na maswali wanauliza ya shuleni."

Ilichukua wiki mbili Hassane kulainika. Zuleica akaenda Pemba, mji mkuu wa jimbo lao, akarudi mshindi wa jimbo zima. Hata waliomsema Hassane msikitini walikuja kumpa mkono.

Kabla ya fainali alifika bibi mmoja wa kamati ya shindano, Delfina, na kamera. Alitaka mama asimulie maisha ya bintiye, aanze na wapi kazaliwa. Kiswahili hakijui, na Alima hajui Kireno, basi Zuleica mwenyewe akakaa katikati kutafsiri.

Alima alijifunga kanga mpya, akaanza.

"Huyu alinitoa jasho! Uchungu umenishika, mkunga wetu naye mgonjwa hajiwezi. Hassane akanipakia mtumbwini pale Namoto, tukavuka Ruvuma, viboko wanapumua ubavuni. Nikajifungua ng'ambo, kwa dada yangu, upande wa Tanzania. Siku ya saba tukarudi naye." Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Zuleica alimwangalia mama yake. Delfina akamwashiria aendelee. Msichana akatafsiri neno kwa neno.

Delfina akashusha kalamu, akauliza kwa upole kama kweli ndivyo ilivyokuwa. Zuleica akajibu, "Sim," yaani ndiyo.

Baada ya siku tisa ikaja barua. Kanuni za shindano zilitaka mrembo aliyezaliwa ndani ya nchi. Cheti chake kilisema Quionga, mama yake kasema ng'ambo. Jina limefutwa, nafasi kapewa msichana wa pili.

Hassane aliisikiliza barua yote, akachukua nyavu zake akatoka. Alima alibaki kaketi chini.

"Nimekuua, mwanangu," alisema. "Mbona hukuyageuza maneno? Ungesema nimekuzaa humu chumbani, mimi ningejuaje?"

"Nilitaka kuyageuza, mama."

"Sasa?"

"Nilikuangalia. Ulikuwa unafurahi. Sijapata kukuona umefurahi vile tangu tumzike mdogo wangu. Nikashindwa kukutilia uongo mdomoni."

Alima alijifunika kanga usoni, akalia kilio cha msibani, hata majirani wakaja mbio wakidhani kuna maiti.

Bolsa nyingine haikuja. Mwaka uliofuata Zuleica alipata kazi Palma, kufua mashuka katika nyumba ya wageni walikolala mainjinia wa gesi. Kila Ijumaa alirudi Quionga, vidole vimechubuka kwa dawa ya kufulia. Mama yake alimwekea beseni la maji ya vuguvugu, akaiosha ile mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. Zuleica alimwachia, kichwa kakiegemeza ukutani, macho kayafumba.